Kikapu cha Shangazi: Dawa za Moyo kwa Mwenye Maradhi ya Mapafu

Kwa zaidi ya miaka 30 shangazi yangu alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakoleza moto na kukaanga mahamri ya kuuza. Jiko lake lilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba, katika Mji wa Kale wa Mombasa, chenye dirisha moja lisilozidi upana wa sinia. Alipikia kuni, na kuni zikipanda bei alitumia vifuu na makumbi ya nazi, ambayo moshi wake kila aliyekulia pwani anaujua. Hakuwahi kutia sigara mdomoni. Hata hivyo alipofika umri wa miaka 62 alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila ya kusimama katikati na kushika ukuta, na kikohozi chake cha asubuhi ndicho kilichokuwa kikiwaamsha wajukuu.

Hospitali walimpulizisha katika mashine ya kupimia pumzi, wakampa salbutamoli ya kuvuta, ile tunayoiita pampu, wakangoja robo saa, kisha wakampulizisha tena. Mirija ya hewa iliyokuwa imebana haikufunguka ipasavyo. Ndipo alipoambiwa kuwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa kidogo kidogo. Wengi wetu huyadhania maradhi hayo kuwa ni ya wavuta sigara peke yao, ilhali moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na pa kutokea hewa huyaleta vilevile. Baada ya miaka mitatu moyo nao ukaanza kulalamika: miguu ikavimba, usiku akawa halali ila kwa kuegemea mito mitatu, na mapigo yakawa yanakwenda bila ya mpangilio. Tabibu wa moyo akampa bisoprololi, miligramu 1.25 kila asubuhi, pamoja na furosemidi ya kutoa maji yaliyozidi mwilini na dawa ya kuzuia damu isigande.

Siku ya 12 kifua kikaanza kulia filimbi. Kijana mmoja katika jamaa zetu, aliyesoma na mwenye nia njema, akakifungua kile kikaratasi kinachokuwamo ndani ya pakiti ya bisoprololi, akasoma onyo kuhusu pumu, akasema, "Shangazi, dawa hii wenye vifua hawaruhusiwi. Iache, itakuua." Shangazi akaiacha siku hiyo hiyo.

Usiku wa nne baada ya kuiacha, moyo wake ulikwenda mbio kama cherehani. Akadhani ni kifua, akavuta pampu mara mbili, mara nne, mara kumi. Na kila alipovuta, moyo ukazidi kukimbia. Tulimfikisha hospitali akiwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, midomo imebadilika rangi. Swali la kwanza la daktari wa zamu lilikuwa, "Dawa anazotumia ziko wapi?" Tulikuwa tumekuja mikono mitupu. Nami niliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 27 nilisimama pale nikitaja majina kwa kubahatisha.

Alhamdulillahi, alipona. Kisa hakikuishia hapo, na nitakirudia. Lakini kwanza nataka tukitazame kile kikaratasi, kwani katika nyumba zetu mna wazee wengi wenye pampu mkononi na vidonge vya moyo mtotoni mwa meza, na kila siku kuna jamaa mwenye nia njema. (Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye pakiti mengi utayakuta bila ya irabu ya mwisho, na mara nyingine k yetu huwa c.)

Kikaratasi hakikusema uongo. Mwili hutengeneza homoni iitwayo adrenalini, ambayo hukimbilia viungoni mtu anapotishika au anapofanya kazi ngumu. Katika moyo na katika mirija ya mapafu vimo vipokezi vya homoni hiyo, mfano wa makufuli yanayongoja ufunguo. Makufuli ya moyo yakifunguliwa, moyo huenda kasi na kupiga kwa nguvu. Yale ya mapafuni yakifunguliwa, mirija hulegea na hewa ikapita. Pampu ya salbutamoli ni ufunguo uliochongwa kwa ajili ya makufuli ya mapafuni. Dawa za jamii ya bisoprololi, ambazo madaktari huziita beta-bloka, ni mfano wa ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli: haufungui, na wala hauachi mwingine uingie. Moyo uliokuwa ukijichosha kwa kukimbia hupumzika.

Ya kwanza katika jamii hii kupata umaarufu ilikuwa propranololi, matunda ya kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, ambaye mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba. Iliokoa watu wengi wenye maumivu ya moyo. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuchagua makufuli. Iliziba ya moyo, ikaziba na ya mapafu. Mwenye pumu aliyeimeza aliweza kubanwa na kifua, na akivuta pampu asipate nafuu, kwani makufuli ambayo pampu ingeyafungua yalikuwa tayari yamezibwa. Onyo linaloandikwa katika vikaratasi mpaka leo linatokana na hatari hiyo ya kweli.

Baadaye wakatengeneza zinazochagua: atenololi, metoprololi, bisoprololi. Hizi huelekea zaidi kwenye makufuli ya moyo. Nimesema huelekea zaidi, sikusema huelekea huko tu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo uchaguzi wake unavyopungua. Ndiyo maana kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu daktari huanza na bisoprololi kidogo sana, kama ile miligramu 1.25 ya shangazi, kisha hupandisha kwa majuma huku akimsikiliza mgonjwa kifua. Kavediloli, ambayo nayo hutumika sana kwa moyo dhaifu, haichagui. Kwa hiyo mgonjwa akiwa na mapafu mabovu, madaktari wengi huipendelea bisoprololi kuliko hiyo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kijana wetu hakulijua. Pumu na ugonjwa sugu wa mapafu si kitu kimoja, ingawa vyote viwili tunaviita "kifua". Katika pumu misuli inayoizunguka mirija ina hasira. Kitu kidogo tu, moshi wa udi, vumbi, baridi, au kidonge kisichofaa, huifanya ijikunje ghafla. Mwenye pumu hapewi kabisa propranololi na wenzake wasiochagua, na hata zile zinazochagua hupewa tu pale moyo unapozihitaji kweli, chini ya uangalizi wa karibu. Katika ugonjwa sugu wa mapafu mirija imeharibika na kusinyaa kwa miaka mingi, na kule kujikunja kwa ghafla si sehemu kubwa ya maradhi yenyewe. Kwa mgonjwa huyo, beta-bloka inayochagua inavumilika vyema aghalabu, na miongozo ya tiba haimnyimi akiwa na sababu ya moyo: moyo ulioshindwa kazi, shambulio la moyo lililopita, au mapigo yasiyo na mpangilio. Na sababu hizo hazikosi. Moyo ni miongoni mwa vitu vinavyowaua sana wenye mapafu mabovu. Kumnyima mzee dawa ya moyo kwa kumhurumia kifua ni kumlinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Walitokea watafiti wakauliza: ikiwa dawa hizi zinawafaa wenye mapafu mabovu na moyo mbovu, je, zitayafaa mapafu yenyewe hata kama moyo hauna dosari? Marekani walilijaribu hilo kwa metoprololi, wagonjwa 532, na majibu yakachapishwa mwaka 2019. Dawa haikuzuia mashambulio ya kifua, na waliomeza metoprololi walilazwa hospitali kwa mashambulio makali zaidi ya wale waliomeza kidonge kitupu. Mwaka 2024 Uingereza nao wakatoa majibu ya bisoprololi kwa watu 515: haikupunguza mashambulio, ingawa safari hii haikuonekana kuyadhuru mapafu. Basi mwenye moyo unaoihitaji apewe. Asiyekuwa na sababu ya moyo asiazime ya jirani kwa kuwa jirani imemfaa.

Na mwenye kuitumia asiiache kwa siku moja. Mwili uliozibiwa makufuli yake kwa muda hujitengenezea mengine ya ziada. Dawa ikiondolewa ghafla, adrenalini hukuta milango mingi kuliko ya kawaida, na moyo hukurupuka. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, huko kukurupuka kunaweza kuwa shambulio la moyo. Shangazi alikumbwa na hayo usiku wa nne, kisha akaongeza pampu juu yake. Mgonjwa akiona dawa haimpendezi, arudi kwa daktari apunguziwe kwa daraja. Lakini pumzi ikimbana sana, au akizimia, huo si wakati wa kungoja tarehe ya kliniki; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye kisa. Ikiwa bisoprololi kidogo vile si ya kulaumiwa, ni kitu gani kilichokibana kifua cha shangazi siku ya 12? Asubuhi ya pili wodini daktari alinituma nyumbani nikalete kila anachotumia, "hata kile msichokiita dawa". Nilikichukua kikapu chake cha ukili, nikakusanya vidonge kwenye mto wa meza, dawa ya kikohozi nyuma ya kopo la chumvi, habasoda, na kichupa kidogo cheupe kilichokuwa juu ya kabati la kioo. Daktari alivimwaga vyote kitandani. Vidonge hakuvitazama sana. Alikiokota kile kichupa, akakisoma, akaniuliza, "Hii ameanza lini?"

Yalikuwa matone ya macho. Majuma machache nyuma shangazi alipimwa macho mahali pengine, akakutwa na presha ya macho, akapewa timololi, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Hakuulizwa kuhusu kifua, na yeye hakusema. Nani angefikiri kuwa jicho lina habari na pafu? Timololi ni ndugu wa propranololi, haichagui makufuli. Na tone lake halibaki jichoni. Huteremka kwa kijitundu kilichoko kwenye pembe ya jicho mpaka puani, na huko huingia katika damu moja kwa moja, bila ya kupita kwanza kwenye ini linalopunguza makali ya kidonge kilichomezwa. Nimewahi kuyasoma haya chuoni, nikafaulu mtihani, kisha nikakipita kichupa kile juu ya kabati kila nilipokwenda kumwamkia.

Daktari wa macho akambadilishia, akampa latanoprosti, ambayo si ya jamii hiyo, na kifua kikatulia. Lile onyo la kikaratasi, ambalo jamaa yetu alilitupia bisoprololi, lilikuwa likiihusu zaidi timololi. Wapo wagonjwa ambao daktari huwafundisha kuibana kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, kwa dakika moja au mbili baada ya kutia tone, ili dawa kidogo tu ifike kwenye damu. Ni mazoea mazuri, ila kwa mwenye pumu hayatoshi kuwa kinga. Huyo inafaa atafutiwe tone jingine.

Propranololi yenyewe bado iko madukani, na si kwa moyo peke yake. Hupewa wenye tezi la shingo linalowaharakisha mapigo, wenye kipandauso, na wenye mikono inayotetemeka. Nimepata kuwaona vijana wakiazimana kabla ya mtihani ili wasitetemeke. Mmoja wao akiwa na pumu ya utotoni aliyoisahau, msiba uko karibu. Na akina mama waja wazito wenye pumu, presha ikipanda, wamkumbushe daktari au mkunga habari za kifua kabla ya kupewa labetaloli. Zipo badala zake, kama methaildopa na nifedipini, ambazo hazikibani kifua.

Beta-bloka nimezikalia sana kwa sababu ndizo zinazoogopwa. Lakini zipo dawa za moyo zisizoogopwa na mtu, nazo zinaweza kumchezea mwenye kifua kwa njia nyingine. Chukua enalaprili, lisinoprili na kaptoprili, vidonge vya presha na moyo vinavyotumika kila mahali. Hazibani mirija, ila kwa makadirio mengi mtu mmoja katika kila kumi, na wanawake zaidi, hupata kikohozi kikavu cha kutekenya koo, ambacho huenda kikaanza baada ya siku chache au baada ya miezi. Kwa mtu mwenye mapafu mazima kikohozi hicho hujitangaza. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hujificha ndani ya kikohozi cha zamani: mgonjwa huambiwa kifua kimezidi, akapewa dawa ya kuua vijidudu, kisha nyingine, na pampu mpya, ilhali kidonge cha presha kinaendelea kumezwa kila asubuhi. Alama ya kukitofautisha ni kwamba hakina makohozi na hakisikii pampu. Daktari akibadilisha, aghalabu kwa losartani au ya jamii yake, kikohozi huisha ndani ya majuma machache. Wakati huo huo dawa hizi zina dharura yao, nadra lakini kubwa, na huwapata zaidi watu wa asili ya Afrika: midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, na asimeze tena dawa hiyo maisha yake.

Miguu kuvimba nako kuna mafumbo. Inaweza kuwa ni moyo. Inaweza kuwa ni mapafu mabovu yaliyouelemea upande wa kulia wa moyo. Na inaweza kuwa ni amlodipini tu, kidonge cha presha ambacho kwa mapafu hakina neno lakini huvimbisha vifundo vya miguu. Mgonjwa asiyesema kuwa anameza amlodipini huenda akaongezewa dawa ya kukojoza kwa uvimbe ambao dawa hiyo haiutibu.

Na dawa hizo za kukojoza ndizo zinazonipeleka kwenye potasiamu, chumvi ya mwili ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya kipimo chake. Furosemidi huitoa kwa mkojo. Salbutamoli ikivutwa kwa wingi huiondoa katika damu na kuisukuma ndani ya chembe za mwili. Vidonge vya prednisoloni, vinavyotolewa kifua kinapozidi, navyo huipunguza, na juu ya hayo huzuia chumvi na maji mwilini, presha ikapanda. Kila moja peke yake ina kazi yake na ina heshima yake. Zikikutana tatu katika mwili wa mzee mmoja, katika juma ambalo kifua kimemzidi na hali chakula, moyo unaweza kuanza kuruka mapigo. Akiwa pia anameza digoksini, hatari ni kubwa zaidi, kwani potasiamu ikishuka digoksini huwa kali kama sumu hata kama dozi haikuongezwa: chakula kinamchukiza, anatapika, anaona vitu kwa rangi ya manjano, mapigo yanakuwa ya polepole mno. Kipimo cha damu cha potasiamu na figo si cha kuahirishwa kwa watu hawa.

Msomaji wa pwani huenda akasema, basi tutampa madafu na ndizi. Taratibu. Ni kweli madafu yana potasiamu nyingi. Lakini wengine wenye moyo dhaifu humeza spironolaktoni pamoja na enalaprili au losartani, na hizo huishika potasiamu isitoke. Kwa hao, hasa figo zikiwa zimechoka, madafu ya kila siku yanaweza kuipandisha ikapita kiasi, na kupita kiasi kunausimamisha moyo kama kupungua. Daktari ataangalia damu ndipo aseme nani anywe na nani ajizuie. Kuna pia ule mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irksusi, wanaoutafuna wenye kikohozi. Huo hupandisha presha na kushusha potasiamu, na haumfai kabisa mwenye kumeza furosemidi au digoksini.

Teofilini, kidonge cha kifua cha tangu zamani na cha bei nafuu, nacho kina mpaka mwembamba kati ya dawa na sumu. Kikizidi, moyo hukimbia na kupoteza mpangilio. Kinachokizidisha mara nyingi ni kitu kingine kilichoongezwa, kama siprofloksasini kwa maradhi ya mkojo, au hata jambo jema: moshi wa sigara huufanya mwili uimalize teofilini haraka, na mvutaji akiacha sigara bila ya kupunguziwa dozi, dawa hujaa katika damu. Aache sigara, bila shaka, na amwambie daktari wake siku hiyo.

Asprini ya kulinda moyo wengi huimeza salama. Ila wapo wenye pumu, hasa wale wenye vinyama vya puani, ambao asprini, ibuprofeni au diklofenaki huwabana kifua ndani ya saa moja au mbili. Aliyewahi kupatwa na hilo aliseme kila anapotibiwa, kwani ipo dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anayoweza kupewa. Na diklofenaki na ibuprofeni humbakisha maji mwilini mwenye moyo dhaifu, kwa hiyo maumivu ya magoti ya mzee yasitibiwe kwa sindano ya duka la dawa. Vidonge vya mafua vya kuzibua pua navyo hupandisha presha na kuharakisha mapigo. Amiodaroni, kwa mapigo yaliyoshindikana, ni dawa inayoweza kuyadhuru mapafu yenyewe. Anayepewa hupigwa picha ya kifua mwanzoni, na akiona pumzi inapungua asingoje.

Ramadhani ina hesabu yake. Bisoprololi ya mara moja kwa siku huhamishika kwa urahisi, ikamezwa futari au daku. Furosemidi ikimezwa daku, mgonjwa hukojoa asubuhi nzima naye hana ruhusa ya kunywa mpaka magharibi, akapata kizunguzungu na figo zikaumia; daktari anaweza kuihamishia baada ya futari, au akamshauri asifunge. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani. Ama pampu, masheikh wamehitilafiana: wapo wanaoona haibatilishi saumu na wapo wanaoona inaibatilisha, na kila mtu ana sheikh wake wa kumuuliza. Lakini ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine ni ya wazi katika Sura ya Al-Baqara, na mzee anayevumilia kubanwa tangu adhuhuri mpaka akabebwa wakati wa alasiri hakuambiwa habari za ruhusa hiyo, au aliambiwa akaona haya kuitumia.

Shangazi sasa hapikii kuni. Mkaza mwanawe ndiye mwenye biashara, kwa gesi, na yeye hukaa barazani na kukosoa unga. Kikapu cha ukili kimepata kazi mpya. Ndani yake mna kila dawa katika pakiti yake ya asili, si vidonge vilivyomwagwa pamoja ndani ya mkebe. Mna karatasi moja ambayo mimi na mfamasia tuliiandika, yenye jina la dawa, kipimo, inatibu nini na nani aliyeitoa. Na mna kichupa cha matone, ambacho hukitoa cha kwanza. Juu ya karatasi tumeandika kwa herufi kubwa: MAPAFU NA MOYO. Kila anapokwenda, kwa daktari wa macho, wa meno, au dukani kununua dawa ya mafua, kikapu huenda naye, na hakai kitini mpaka kimefunguliwa.

Bisoprololi aliirudia wodini, kwa dozi ileile ndogo, akipimwa pumzi kabla na baada. Kijana wetu ndiye anayempeleka kliniki siku hizi. Mwezi uliopita daktari aliipandisha ikawa miligramu 2.5, na miadi inayofuata ni baada ya majuma mawili, na kipimo cha potasiamu siku moja kabla.